Usirudi au Ukirudi: shajara ya singo yetu ya kwanza

Wiki ya 1

Tumekata shauri leo usiku. Kati ya nyimbo sita tulizo nazo, utakaotangulia kutoka ni ule ninaouita Wimbo wa Nne kwenye daftari langu. Tuko watano: mwimbaji wetu, ambaye ndiye dada pekee kwenye bendi, mpiga ngoma, mpiga besi, mpiga solo, na mimi ninayepiga rizimu na kuandika maneno. Tunapiga roki kwa Kiswahili. Hatuna lebo wala prodyuza. Tuna chumba kimoja chenye magodoro yaliyoegemezwa ukutani, kompyuta moja, na mikrofoni za kuazima.

Mpiga solo aliutaka wimbo wa pili, wenye gitaa linalopaa. Simlaumu, kwa kuwa alilifanyia mazoezi mwaka mzima. Lakini Wimbo wa Nne mwimbaji huuimba kana kwamba yale yaliyomo yamemtokea yeye, na alipouimba leo bila ala hata moja, ubishi ukaisha wenyewe.

Wiki ya 2

Nataka kuliandika hili kwa kirefu, maana ndilo lililonifanya niamini kwamba roki ya Kiswahili si nguo ya kuazima.

Mdundo wa roki huenda kwa mizunguko ya mapigo manne. Ukikigawa kila kipigo mara mbili unapata nafasi nane katika mzunguko. Shairi letu la mizani 16, yaani silabi 16 kwa kila mshororo, nalo hugawanyika hivyohivyo: mizani nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na mizani nane za utao, nusu ya pili. Kwa hiyo kila kipande kinajaza mzunguko mmoja, bila kubaki wala kupungua. Niliandika tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, kama nilivyofundishwa shuleni, nikampa mpiga ngoma aipige bila kumweleza kitu:

Nimekaa kituoni, basi langu limepita,
Barua i mkononi, jina lako nimefuta,
Jua liko mgongoni, nani sasa ataita?
Usirudi, nakwambia, usirudi njia hii.

Mshororo wa nne ndio kibwagizo, na ndio kiitikio chetu.

Kisha nikaona jambo ambalo sikulipanga. Katika roki, sneya, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini yake, hulia kwenye kipigo cha pili na cha nne, yaani nafasi ya tatu na ya saba. Mkazo wa neno la Kiswahili nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. U-si-RU-di: silabi yenye mkazo iko nafasi ya tatu. Na-kwa-MBI-a: iko ya saba. Neno la mizani nne likianza pale mzunguko unapoanza, sneya inalipiga penyewe. Nilipoona hivyo nilisimama, nikalizunguka lile jedwali la nafasi nane nililolichora kama mtu aliyepata ufunguo wa nyumba aliyokuwa akiingilia dirishani.

Kipande kimoja tu kilikataa. Ba-RU-a: mkazo uko nafasi ya pili, sneya inakuja imechelewa, na neno linasikika kama limejikwaa. Nilitaka kulibadilisha. Mpiga ngoma akasema, "Liache neno, kaka. Ngoma ndiyo itakayosogea." Akaitanguliza sneya nusu kipigo, mara moja tu, mahali hapo. Sasa ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote katika wimbo huu.

Wiki ya 3

Ngoma na besi zimerekodiwa. Tulianza na kasi ya vipigo 144 kwa dakika, tukashuka hadi 132, kwa sababu mwimbaji alikuwa hapati nafasi ya kuvuta pumzi kati ya ukwapi na utao. Mizani nane zilizojaa hazina kituo ndani yake, na mapafu ya mtu hayajui ushairi.

Mpiga ngoma anafungua kila kiitikio kwa toazi kubwa, ile sahani ya shaba, kwenye kipigo cha kwanza. Linalia vizuri mno. Sote tulilishangilia. (Nairudia sentensi hiyo leo, wiki nyingi baadaye, na naiacha kama nilivyoiandika.)

Wiki ya 4

Tumerekodi sauti. Siku tatu kwa mishororo minne na beti mbili zaidi. Shida haikuwa kufikia noti za juu. Shida ilikuwa silabi ya "m". Katika "mkononi" na "mgongoni" ile "m" ni mizani kamili, ina nafasi yake, na lazima iimbwe na midomo ikiwa imefungwa. Mwimbaji akiimeza, kipande kinabaki na mizani saba na sneya inapiga silabi isiyo yake. Hatimaye aliimba akiwa ameweka vidole kwenye midomo ili ahisi inapofunga. Rekodi ya jioni ya tatu ndiyo tuliyoichagua, ingawa mwishoni mwa ubeti wa pili sauti inapasuka kidogo. Kupasuka kule hakuwezi kuigizwa.

Tumepunguza utangulizi pia. Ulikuwa mizunguko 24 ya gitaa peke yake, ambayo kwa kasi yetu ni karibu sekunde 44. Kwenye Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa msikilizaji akifika sekunde ya 30, kwa hiyo mtu angeweza kuhesabiwa kuwa msikilizaji wetu bila kuisikia sauti ya mwimbaji hata kidogo. Hilo ndilo lililonikera, zaidi ya hesabu yenyewe. Sasa ni mizunguko minane, chini ya sekunde 15. Mpiga solo hakusema neno. Alijifungia gitaa lake kwenye mfuko akaondoka mapema. Kesho yake alirudi na sentensi fupi ya gitaa, noti tano tu, ambayo inafanya kazi yote ya ile mizunguko 24.

Wiki ya 5

Nimemiksi mwenyewe, usiku kwa usiku. Magitaa mawili, moja kushoto na moja kulia, yamekwaruzwa hadi yamekuwa kama ukuta, na sauti nimeiketisha ndani ya ukuta huo. Rekodi nilizokulia ndizo zilizonifundisha hivyo: sauti ikiwa ala miongoni mwa ala. Kwa kuwa mwimbaji ana "s" kali inayochoma masikioni, nimeweka programu inayobana mvumo wa "s" kila unapotokea. Nimeikaza sana.

Mpiga besi alisikiliza mara mbili akauliza, "Maneno yanasikika?"

Nikamwambia yanasikika. Kweli nilikuwa nayasikia, kwa sababu nilikuwa nayajua.

Wiki ya 6 na ya 7

Kazi za makaratasi. Kila rekodi hupewa msimbo wa ISRC wenye herufi na tarakimu 12, ili popote inapopigwa ijulikane ni rekodi ipi. Tumechagua Ijumaa, ambayo tangu Julai 10, 2015 ndiyo siku ya kimataifa ya kuachia muziki mpya. Tumetuma maombi ya kuingizwa kwenye orodha za nyimbo zaidi ya siku saba kabla, maana Spotify ndivyo inavyotaka ili wimbo uwafikie wanaoifuata bendi. Kava ni picha ya kiti kitupu cha kituo cha basi. Jina la wimbo limetoka kwenye kiitikio chenyewe, ila tulikubaliana liwe "Njia Hii" tu, hata kwenye kava, kwa vile "Usirudi" lilionekana kama amri kwa msikilizaji. Lingekuwa kwenye kava, huenda nisingekuwa na mengi ya kuandika baada ya hapa.

Wiki ya 8

Umetoka.

Nilikesha. Saa za kwanza zilikuwa za ndugu na marafiki, na nawashukuru wote, lakini mtu anayekupenda hawezi kukuambia wimbo ukoje. Jumamosi jioni ndipo ujumbe wa kwanza kutoka kwa mtu tusiyemjua ulipofika. Aliandika kwamba ameusikiliza akiwa safarini, mara nne mfululizo, na akashukuru kwa "wimbo wa kumngoja mtu".

Niliusoma kwa furaha hadi mwisho. Kisha nikarudi kwenye neno kumngoja.

Wiki ya 9

Mtangazaji mmoja wa redio ameupiga usiku wa manane. Tuliurekodi mpigo huo kwa simu. Alisema gitaa linamkumbusha ujana wake, akasema sauti ya mwimbaji ni ya mtu anayelia bila machozi, na hilo sitalisahau. Halafu akautoa kama zawadi kwa wote wanaomngoja mtu arudi.

Mwimbaji alinitazama. "Arudi? Mimi namfukuza!"

Tumepitia kila ujumbe tuliopokea. Wengi wanausifu mdundo. Kadhaa wameitaja ile sneya ya "barua" bila kujua ni nini, wanasema kuna mahali wimbo "unashtuka", nikafurahi mno. Wawili wamesema sauti iko chini. Mmoja amesema, kwa upole, kwamba alilazimika kukisia nusu ya maneno. Lakini karibu wote wanaogusia maana wanazungumzia mtu anayengojwa. Mama mmoja ameandika kwamba mwanawe yuko mbali, na kwamba anapofika kwenye kiitikio huzima kila kitu nyumbani ili asikilize.

Nilishindwa kumjibu siku hiyo.

Wiki ya 10

Nimefanya jaribio. Nimewaomba watu sita ambao hawajawahi kuusikia wimbo waandike mshororo wa kiitikio kama wanavyousikia, kwanza kwa spika ya simu kisha kwa vidude vya masikioni. Wanne wameandika "Ukirudi, nakwambia, ukirudi njia hii." Mmoja ameacha nafasi tupu mwanzoni mwa neno. Mmoja tu ndiye aliyeandika "usirudi", naye aliniambia amekisia.

Herufi moja. Si na ki. Katika lugha yetu herufi hiyo ndiyo mpaka kati ya kumkataza mtu na kumwekea sharti. Pande zote nyingine neno ni lilelile, mizani zilezile, mkazo uleule. Na sentensi ya "ukirudi" haikamiliki: ukirudi, nakwambia, ukirudi njia hii... kisha nini? Mshororo unakatika hapo, na kila msikilizaji akaumalizia kwa moyo wake.

Sasa najua limetokeaje, na nayaandika yote kwa sababu ni makosa yangu na ya mtu mwingine hayamo. Sauti ya "s" si noti, ni mvumo wa hewa, na nguvu yake kubwa iko juu, kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 5,000 hadi 8,000 na zaidi. Mvumo wa toazi uko hapohapo. Toazi letu linapigwa kwenye kipigo cha kwanza, pamoja na "u". Silabi ya "si" inafuata nusu kipigo baadaye, na kwa kasi ya 132 hiyo ni chini ya robo ya sekunde: toazi bado linalia kwa nguvu. Juu ya hapo nilikuwa nimeibana "s" kwa programu. Juu ya hapo tena, sauti nzima ilikuwa imeketi chini ya magitaa. Kilichobaki ni "u", pengo dogo, na "irudi". Sikio halipendi pengo. Linalijaza kwa herufi inayolifaa, na "k" ni herufi ambayo karibu haina urefu, ni mpasuko tu wa hewa. Kwa hiyo kila mmoja akasikia "ki", na wala hakukosea kwa kile tulichompa.

Nimemweleza mpiga besi. Hakunikumbusha swali lake, na ukimya huo ulikuwa wema.

Wiki ya 11

Nilitumia siku mbili kusoma waliotutangulia. Mwaka 1963 bendi ya The Kingsmen ilirekodi "Louie Louie" huko Marekani, mikrofoni ikiwa imening'inizwa juu, mbali na mwimbaji. Maneno yakawa hayatambuliki, watu wakajaza pengo kwa matusi waliyoyabuni wenyewe, hadi FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ikauchunguza wimbo na kuishia kusema kwamba hakuna kinachoeleweka humo. Singo ya kwanza ya bendi ya R.E.M. ya mwaka 1981 nayo ilisifiwa ingawa mwimbaji wao, Michael Stipe, aliimba kwa kutafuna maneno. Baadaye waliurekodi wimbo upya kwa ajili ya albamu yao ya 1983.

Nilitafuta faraja huko, nikaipata kidogo. Lakini Stipe alitafuna maneno kwa kutaka. Sisi tulitunga kwa mizani, tukahesabu kila silabi, tukasogeza ngoma ili neno lisijikwae, halafu mimi nikalizika.

Wiki hiyohiyo tulikuwa na shoo. Ukumbi mdogo, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na watu waliokuja kwa ajili ya wimbo huu. Kiitikio kilipofika waliimba. Wanaimba "ukirudi", wazi kabisa, kwa sauti kubwa kuliko spika zetu. Mwimbaji alikuwa anaimba "usirudi" kwa mikrofoni. Maneno mawili yaliyogombana yalikuwa yanatua kwenye sneya moja, kwa wakati mmoja, na kwa kweli sijawahi kupigiwa muziki kifuani namna ile. Mara ya tatu mwimbaji alinyamaza akawaachia wao.

Baadaye, tukifungasha vyombo, tulibishana kwa muda mrefu. Mpiga solo anaona tuuache: wimbo umeshapata wenyewe, kwa nini tuwanyang'anye? Mpiga ngoma yuko tayari kulihamisha toazi. Nikasema maneno ni ahadi, na kwamba yule niliyemwandikia "usirudi" hastahili kualikwa kwa bahati mbaya ya toazi. Mwimbaji alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Niliimba siku tatu. Nataka kusikika. Wao waendelee kuimba la kwao, lakini mimi nataka kusikika."

Hapo tukamaliza.

Wiki ya 12

Miksi mpya. Sauti imepanda desibeli tatu, na nimeyachimbia magitaa shimo pale katikati ambapo maneno hukaa, ili sauti ipite bila kupigana. Ile programu ya kubana "s" nimeiondoa kwenye kiitikio. Inachoma kidogo, iache ichome. Mpiga ngoma amerekodi viitikio upya: toazi sasa linalia kwenye kipigo cha nne cha mzunguko unaotangulia, linamsukuma mwimbaji kuingia, na likianza kufifia ndipo "u-si" inaposhuka. Linapendeza kuliko mwanzo. Najilaumu kwamba hatukulijaribu tangu wiki ya 3.

Safari hii sikuamini masikio yangu. Niliwapelekea watu sita wengine. Wote wameandika "usirudi".

Rekodi mpya hupewa ISRC yake, na hesabu ya wasikilizaji inaanza sifuri. Ile ya zamani haijafika usikilizwaji 1,000, kiwango ambacho Spotify imekiweka tangu 2024 kwa kila wimbo katika miezi 12 kabla haujaanza kulipwa, kwa hiyo tunajua kabisa tunachokiacha. Hatutaiondoa. Itabaki palepale, na mpya itakaa kando yake. Mama yule wa mwanawe aliye mbali anaifungua ile, na sina haki ya kumzimia.

Wiki ya 14

Mpya imetoka Ijumaa iliyopita. Mtangazaji wa redio ameipiga tena na safari hii amekaa kimya sekunde mbili baada ya wimbo kuisha, kisha akasema, "Kumbe." Akaendelea na taarifa ya saa. Nimelisikiliza hilo "kumbe" mara nyingi.

Wapo waliosema sasa ndipo wanauelewa. Yupo aliyesema magitaa yamepoa, na kwa upande wa ukuta ule wa kelele yuko sahihi, umepungua. Halafu leo asubuhi umefika ujumbe kutoka kwa kijana ambaye alikuwa kwenye shoo ya wiki ya 11. Anauliza kwa nini tumebadilisha maneno. Anasema alikuwa analiimba lile la mwanzo kila siku akienda kazini, na kwamba lilimpa sababu ya kutofunga ukurasa fulani wa maisha yake.

Nimemjibu kwamba hatukubadilisha, na nimemtumia picha ya ukurasa wa daftari wenye tarbia nzima. Nimemwambia pia kwamba alichokisikia alikisikia kweli.

Jioni nimelifungua daftari hilohilo, ukurasa mpya, nikaandika juu yake Wimbo wa Saba. Nina mshororo mmoja tu, nimeupiga mezani kwa vidole na sneya inaukubali, ikitangulia tena nusu kipigo kwenye "mlango":

Ukirudi, bisha hodi, mlango haujafungwa.